Safu ya Tisa

Washauri wa Barabara wa Elgon-Nzoia
Bungoma
14 Septemba 1987

Kwa Mzee Jotham Kimaiyo, Njia Panda ya Kinu, Kitale

Mzee,

Hujambo na watu wa nyumbani? Fomu zako za siku tatu nimezipata Ijumaa kutoka kwa Festus dereva. Mimi ndiye ninayeziingiza kwenye hesabu hapa ofisini, kwa hiyo tutajuana kwa barua hata kama hatujaonana. Tangu mwaka uanze nimeshika fomu za njia panda kumi na moja, na sijaona tarakimu safi kama zako. Nyingine huja na mchuzi.

Bila shaka walikueleza tunachotafuta. Barabara ya udongo kutoka Tongaren inaingia kwenye lami hapo kwenu, na mwenye kutoka kwenye udongo anakuta kibao cha SIMAMA. Tunataka kujua kama kibao hicho kinatosha au panahitajika kitu zaidi. Kitabu cha ofisi kinasema dereva aliyesimama anahitaji nafasi ya sekunde saba kati ya gari na gari ndipo aingie lami salama. Nikijua magari yanayopita kila robo saa, kitabu kinaniambia dereva huyo atasubiri kiasi gani.

Sasa maswali. Trekta yenye trela mbili umeiandika moja au tatu? Na hii 14 uliyoiandika pambizoni, mara sita, kando ya trekta, ni nini? Halafu safu ya tisa, ya waendao kwa miguu, ni nyeupe siku zote tatu. Niifanyeje?

Nijibu upesi, tafadhali. Ripoti inatakiwa Ijumaa, na mhandisi wetu, Bwana Waithaka, hajui neno kesho.

Wako,
Sellah Nekesa


Njia Panda ya Kinu
16 Septemba 1987

Binti Nekesa,

Sisi wazima, ni mifupa yangu tu inayonung'unika. Umesifu tarakimu zangu. Mwanangu, nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mahindi miaka ishirini na miwili. Gunia halikunipita bila kuandikwa, na mkulima aliyejaribu kutia mawe ndani alirudi nayo nyumbani kwake.

Trekta na trela zake ni kitu kimoja. Kichwa kimoja, mkia mrefu. Hiyo 14 ni sekunde. Nilipima kwa saa yangu ya mkononi, kwa sababu hakuna aliyenikataza. Hapo kwenye kibao pana kimlima, na trekta yenye trela mbili zilizojaa ikiondoka pale huchukua sekunde kumi na nne, toka tairi la mbele liguse lami mpaka trela ya nyuma itoke njiani. Kitabu chako kinasema saba. Kiliandikiwa wapi, na kwa trekta za nani? Mwenyewe aje mwezi wa kumi na moja aone mahindi ya Tongaren yakishuka. Ninyi mmetaka siku za kawaida, mkahesabu Septemba, mavuno hayajaanza. Basi mmehesabu njia panda ikiwa imelala.

Jambo jingine. Mbele ya shule kuna matuta mawili juu ya lami. Sisi wazazi tuliyatengeneza mwaka juzi kwa mawe na udongo. Kwenye ramani yenu hayamo. Yatieni.

Safu ya tisa nimeiacha inavyotakiwa kuachwa. Nawe iache hivyo hivyo.

Ni mimi,
J. Kimaiyo


Bungoma
21 Septemba 1987

Mzee Kimaiyo,

Ripoti ilitoka Ijumaa jioni, dakika za mwisho kabisa. Nakushukuru kwa majibu.

Sekunde zako nilizipigania. Bwana Waithaka alisema hatuwezi kuacha kitabu tukafuata saa ya mkononi ya mtu, lakini mwishowe alikubali tisa kwa trekta. Kwa ajili ya mavuno tumeongeza magari asilimia ishirini. Hesabu imetoka vizuri: kibao cha SIMAMA kinatosha.

Matuta nimeyatia kwenye ramani ulivyotaka. Yataondolewa. Yanapunguza mwendo wa magari ya lami, na kwa hesabu yetu hapo hakuna watu wanaovuka, kwa hiyo hayana kazi. Greda litakuja mwezi ujao.

Ubaki na amani.
Sellah Nekesa


Njia Panda ya Kinu
24 Septemba 1987

Nekesa,

Leo sitaanza na salamu. Nani amekuambia hapa hakuna watu wanaovuka?

Shule iko ng'ambo ya lami. Nyumba zetu ziko huku. Mjukuu wangu Cherono, wa darasa la pili, anavuka kila asubuhi akiwa ameshika viatu mkononi visichakae. Wanavuka wengi mpaka lami inakuwa ya samawati kwa yunifomu. Nilikaa pale siku tatu nikiwatazama, wakanisalimu mmoja mmoja, "Shikamoo Babu," mpaka mdomo ukachoka kuitika.

Sikuandika kwamba hawapo. Sikuandika kitu. Watoto hawahesabiwi! Gari nitahesabu, gunia nitahesabu, ng'ombe wa mwenzangu nikilazimishwa nitakadiria. Lakini kumnyooshea mtoto wa mtu kidole na kusema huyu ni wa arobaini, huyu ni wa arobaini na moja, ni kumwita mwenye kupunguza aje apunguze. Mama yangu alizaa, na hakuna siku alitaja tumezaliwa wangapi. Aliulizwa na karani wa serikali, akajibu, "Wanaokula kwangu unawaona."

Wewe unaitwa Nekesa, umezaliwa wakati wa mavuno. Huko kwenu Bungoma hawakukufundisha hivyo? Mahali palipoachwa wazi ni mahali penye kitu kisichotajwa. Hata mtoto anajua.

Zuieni hilo greda.

J. Kimaiyo


Washauri wa Barabara wa Elgon-Nzoia
Bungoma
30 Septemba 1987

Bwana J. Kimaiyo,

KUH: FOMU ZISIZOKAMILIKA

Ofisi imepokea malalamiko yako. Imebainika kwamba fomu ulizorudisha hazikujazwa kikamilifu. Mhesabuji ndiye mwenye jukumu la usahihi wa anachokileta. Kwa sababu hiyo ofisi haitakutumia tena kwa kazi ya aina hii, na ripoti itabaki ilivyo.

Wako mtiifu,
S. Nekesa (kwa niaba ya Mhandisi)

Mzee, haya ya juu nimeamriwa niyapige taipu. Ripoti imeshafika kwa wenye barabara, na ndani yake waendao kwa miguu ni sifuri. Bwana Waithaka anasema sifuri haiondolewi kwa hadithi, huondolewa kwa namba nyingine. Nipatie namba, kwa njia yoyote, nami nitajaribu. Nisamehe kwa barua hii. S.


Njia Panda ya Kinu
7 Oktoba 1987

Binti Nekesa,

Barua yako ya kiofisi nimeisoma mara mbili. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyeniandikia kwamba kazi yangu haikukamilika. Festus aliileta kanisani, mbele ya watu, na akaisoma kabla yangu, maana alinipa pole kabla sijaifungua. Nimeumia, sitakuficha.

Lakini nimeweka hasira kando, kwa sababu juzi walikuja watu wawili wakachora chaki kuzunguka matuta. Nimewauliza lini. Wakasema, "Mande, mzee. Mande tunakwangua yote." Yaani Jumatatu, tarehe kumi na mbili.

Pamoja na barua hii Festus anakuletea mkebe wa mafuta ya Kimbo, ndani mna mahindi. Usimpikie mtu. Jana asubuhi niliukalisha kando ya matuta, na siku moja kabla niliwaomba walimu wawaambie watoto kila mmoja aje na punje moja ya mahindi kutoka kwao. Kila aliyevuka alidondosha yake. Cherono alileta ya manjano, kajitafutia tofauti kama kawaida yake. Nilikaa nimeangalia upande wa kinu, nikisikia tu ti, ti, ti. Sijahesabu na sitahesabu. Punje si watoto. Wewe uko mbali, huwajui sura wala majina, zihesabu huko huko.

Na swali moja linanikosesha raha. Unasema kwenye ripoti kuna sifuri. Kwenye fomu yangu hakuna. Mimi naujua mkono wangu. Sifuri imeandikwa na nani?

J. Kimaiyo


Bungoma
9 Oktoba 1987

Mzee wangu,

Nimezimwaga mezani nikazihesabu mara mbili. Ni mia tatu na kumi na moja. Ya Cherono nimeiona, imekaa peke yake kati ya nyeupe.

Nilimpelekea Bwana Waithaka nikiwa nimeandika hesabu mpya yote. Watoto mia tatu wakivuka ndani ya nusu saa, gari linalopinda kutoka Tongaren haliendi popote, na matuta ndiyo ya kwanza kuhitajika. Akatazama mkebe, akacheka mpaka akavua miwani. "Nekesa, sasa tunapima barabara kwa punje za githeri?" Wengine nao wakacheka. Nilitaka kulia, lakini sikulia mbele yao. Amesema nimwone Jumatatu.

Kuhusu hiyo sifuri, mzee, ripoti hupita mikono mingi. Ni mambo ya ofisi. Tuangalie la mbele.

Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni pake kabla hajafika.

Sellah


Kitale, hospitalini
15 Oktoba 1987

Nekesa,

Jumatatu saa tatu greda lilikuwa limemaliza. Sijui wewe ulikuwa umefika mlango gani.

Jana asubuhi trekta ya trela mbili ilisimama kwenye kibao, dereva akaangalia, akaona nafasi, akaingia. Lori lilitoka upande wa Kitale kwa kasi, lami imenyooka, hakuna tuta. Nilikuwa nimesimama pale, na saa mkononi. Trekta ilikuwa kwenye sekunde ya kumi na moja katika zile kumi na nne. Lori likakwepa trela ya nyuma, likapanda ukingoni, na ukingoni ndipo watoto walipokuwa wakingoja kuvuka.

Wengine waliruka. Cherono aliinama kuokota kiatu.

Mguu umevunjika mahali pawili. Kichwa kimefungwa. Anapumua, lakini tangu jana hajafungua macho. Daktari anasema tungoje.

Nyumbani wanasema nimewahesabu watoto kwa ujanja, nikampa mtu wa mbali awataje idadi, na kwamba aliyeitwa amekuja kuchukua sehemu yake. Ni siku ya nane tangu adondoshe punje yake ya manjano. Mke wangu anakaa upande ule wa kitanda, mimi upande huu, hanisemeshi. Hata mimi nimeanza kuamini.

Usiniandikie maneno ya ofisi. Usiniandikie chochote mpaka uwe tayari kuniambia nani aliandika ile sifuri.

Kimaiyo


Mabanga
19 Oktoba 1987

Baba,

Ni mimi.

Niliandika sifuri kwa mkono wangu, kalamu ya bluu, Alhamisi ile kabla ya ripoti. Siku tatu, robo saa arobaini na nane kila siku, sifuri mia moja arobaini na nne. Ilinichukua kama dakika kumi. Nilikuwa na barua yako mezani inayosema niiache safu ilivyo, na nikasema moyoni, mzee huyu hakuona mtu, ameona uvivu kuandika. Karatasi ya hesabu haikubali mahali peupe. Nikapajaza. Sikukuuliza tena kwa sababu nilitaka kumaliza mapema nisionekane mzembe.

Ulipouliza mara ya kwanza nilijua. Ulipouliza mara ya pili nikakuandikia ati mikono mingi. Niliipiga taipu barua ya kukuaibisha nikijua aibu ni yangu. Niliogopa kupoteza kazi. Hakuna sababu nyingine, na sitaitafuta.

Na mila hiyo naijua. Nyanya yangu hapa Mabanga alikuwa akisema "wako wa kutosha" kila akiulizwa wajukuu zake. Nilikaa mapajani pake nikiwa mmoja wa hao wa kutosha. Nilienda shule nikajifunza kwamba mahali peupe ni hakuna, nikamsahau nyanya.

Nisikilize, Baba, kisha unichukie. Si punje iliyomwumiza Cherono. Punje ilikuwa inamtetea. Mimi ndiye niliyesema hayupo, na greda likaja kwa sababu hayupo. Mwambie mama, bibi yake Cherono, hivyo, kwa jina langu. Mpe barua hii ashike mwenyewe.

Ijumaa niliwaandikia wenye barabara. Nikatia fomu zako zenye safu nyeupe, karatasi yangu yenye sifuri, na hizo sekunde kumi na nne, nikatia sahihi. Nakala nikampa Bwana Waithaka. Aliisoma akiwa amesimama, akaniambia niache funguo mezani. Kwa hiyo niko kwa mama yangu, nakuandikia jikoni.

Asubuhi hii nilienda mwenyewe kwa wenye barabara. Watarudisha matuta, ya lami safari hii, na watu wa kusimamisha magari wakati wa mavuno. Lakini ni lazima kabla ya tarehe thelathini wapate siku moja iliyohesabiwa upya, safu zote tisa, na mtu aliyekuwepo pale, aliyeona kwa macho, atie sahihi. Punje hawazitaki. Ikipita tarehe hiyo, fedha zitaenda barabara nyingine, na mahindi yatashuka matuta yakiwa hayapo.

Sikuombi uhesabu. Sithubutu. Nakueleza tu walivyosema. Ukinituma nije nihesabu mimi, nitakuja, mkinipokea au msiponipokea.

Nimepiga magoti kila siku kwa ajili ya Cherono.

Sellah Nekesa


Njia Panda ya Kinu
28 Oktoba 1987

Sellah,

Cherono alifungua macho Jumatano iliyopita. Jambo la kwanza aliuliza kiatu kiko wapi. Kimoja nilikuwa nacho, cha pili sijui. Mguu uko kwenye plasta mpaka nyongani na atalala wodini wiki nyingi, lakini anakula na anawachongea wagonjwa wenzake kwa nesi. Bibi yake amecheka. Mimi nilitoka nje kwanza.

Barua yako nilimpa mke wangu ilivyo. Aliisoma polepole, akairudisha. Mimi nilikuwa nimekusudia kukuandikia maneno makali. Nilikuwa nayo tayari, na mengine nilikuwa nayakariri nikienda hospitalini. Ulinidanganya mara tatu, binti, na nikakuamini mara tatu. Hilo bado linauma na litauma.

Siku ya nne ndipo mke wangu aliponisemesha. Nilikuwa nimeketi na ile fomu mpya mapajani, Festus alikuwa ameileta kwa siri, nikiitazama safu ya tisa. Akaniambia, "Si wewe magunia ya watu ulihesabu yote? Halikupotea hata moja. Hawa wetu ndio unaacha waende hivyo tu?" Akaniletea kalamu.

Jana Jumanne nilikuwa pale tangu saa kumi na mbili. Nilikuwa naogopa, nisikufiche. Tarakimu utaziona si safi kama za kwanza. Lakini sikuwahesabu kimya kimya kama mwizi. Niliwahesabu kwa kinywa, kwa sauti, kila mmoja alivyopita. Mwanzoni walinishangaa. Baadaye wakubwa wakaanza kuitika namba zao, na wazazi wawili waliokuja kunizuia wakasimama kando yangu mpaka mwisho, mmoja wao akisimamisha magari kwa jembe.

Kutwa nzima sikuondoka. Nilingoja wadogo warudi saa saba, nikangoja wakubwa jioni, nikawahesabu wote tena wakivuka kuja nyumbani. Fomu haikutaka kujua kama waliokwenda wamerudi. Nilitaka mimi.

Fomu ni hii. Sijamtumia mtu wa ofisi, nakutumia wewe. Ipeleke kwa mkono wako, usiiache mezani kwa mtu, ungoje mpaka waigonge muhuri. Asubuhi wamekwenda mia tatu na kumi. Jioni wamerudi mia tatu na kumi.

Punje ulizohesabu zilikuwa mia tatu na kumi na moja. Huyo mmoja nimemwandika kwa jina pambizoni, pale nilipoandika zile sekunde. Safari hii, mwanangu, soma na pambizo.

J. Kimaiyo
Karani